Mwaka Tuliokula Mbuzi Tu

Mjukuu wangu ameacha ugali. Ameacha na viazi, maharagwe, ndizi, chapati, na karibu kila kitu ambacho nimetumia maisha yangu kukilima au kukinunua. Siku hizi anakula nyama asubuhi, nyama mchana, na jioni mayai na nyama tena. Ana kopo la unga mweupe ambao anaukoroga ndani ya maji, na ameniambia humo mna madini: potasiamu, magnesiamu, na mengine niliyoyasahau kabla hajamaliza kuyataja.

"Cucu, ukikula nyama peke yake lazima ubalansi madini," aliniambia, akitikisa chupa yake. "Usipobalansi, misuli inakukaza, moyo unaanza kwenda vibaya. Watu hawajui hii maneno."

Nilimwambia vizuri. Nikarudi kwenye kiti changu nikaketi, na uchovu ulionishika haukuwa wa miguu. Nilikula nyama tu kabla mama yake hajazaliwa, na hakuna aliyeniuliza kama ninataka. Sina hamu ya kushindana na kopo. Lakini tangu siku hiyo mambo ya zamani yamekataa kulala, basi nayaandika, kwa Kiswahili nilichojifunza shuleni na baadaye kukifundisha, ingawa tuliyosemezana huko yote yalikuwa kwa Kiembu na Kimbeere.

Mimi ni mtu wa juu. Nilizaliwa na kuolewa upande wa Runyenjes, ambako udongo ni mwekundu na fimbo ukiichomeka inaota. Tulikula viazi vikuu, nduma, ndizi, mahindi, njahi, na mboga za kila namna. Nyama ilikuwa ya shughuli, na hata penye shughuli mwanamke alipata kipande cha kuonja tu, kikiwa kimeshachomwa na wanaume huko huko walikochinjia. Nilikuwa mke wa mtu na sikuwa nimewahi kuchemsha chungu cha nyama kwa mkono wangu. Njahi, yale maharagwe yetu meusi, ndizo nilizozijua. Njahi unazichemsha, unamwaga maji ya kwanza, meusi na machungu, unatia mengine. Anayepika bila kumwaga maji ya kwanza, kwetu anaitwa mvivu.

Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni ilipotufikia tuliamriwa kubomoa nyumba zetu na kujenga upya ndani ya kijiji kimoja, nyumba zimebanana, handaki lenye vigingi vilivyochongwa limetuzunguka pande zote. Handaki hilo tulilichimba sisi wanawake. Kwenda shamba kulikuwa kwa saa chache tu, chini ya ulinzi wa mahomugadi, wenzetu waliopewa silaha na serikali, na aghalabu saa hizo ziliisha kabla hujafika kwako. Viazi vikaoza ardhini na watoto wakaanza kubadilika rangi ya nywele. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Ikatoka mle handakini, jembe likiwa mkononi. Waliniruhusu nikae kivulini kidogo, kisha wakaniita nirudi kazini.

Mimba ya pili ilishika tukiwa bado kijijini. Sikumwambia mume wangu, nilitaka kwanza niwe na hakika itakaa. Asubuhi moja wanaume walipangwa mstari uwanjani, mtu aliyefunikwa gunia uso mzima akapita mbele yao akinyoosha kidole, na waliooneshwa wakapandishwa lori. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alikwenda bila kujua kwamba ana mtoto njiani. Mimi nikabaki na jambo moja tu la kuangalia duniani, kwamba huyu wa pili asitoke kama wa kwanza, na mwili wenyewe wa kumbeba ulikuwa unaishi kwa uji wa maji.

Baba yangu alihangaika mpaka akapata pasi, ile karatasi ya ruhusa ya kusafiri, ya kunitoa pale. Akanipeleka kwa dada yake, shangazi yangu, ambaye sisi kwetu humwita Tata, aliyeolewa huko chini Mbeere, upande wa Kiambere. Sasa kule kuna bwawa na nyaya za umeme zinapita juu ya vichwa vya watu ambao wengine bado wanatumia koroboi. Wakati huo kulikuwa na mto, mawe, miiba na jua. Tulishuka kwa miguu, tukalala kwa jamaa njiani, na kila tulipozidi kushuka udongo ulizidi kuwa mweupe na mimi nilizidi kukata tamaa. Baba yangu aliniacha mlangoni kwa Tata akageuka siku iyo hiyo, kwa sababu pasi yake ilikuwa inakwisha.

Kwa Tata walikuwa wawili tu, yeye na mumewe. Huyo mume wa Tata nilimwita Baba, kama ilivyo heshima, na yeye aliniita Mtu wa Juu. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, wa maneno machache, na hata hayo machache alionekana ameyachoka. Walikuwa na wana wawili, wote wamekamatwa. Mkubwa alikuwa akifanya kazi Nairobi akasombwa na wenzake. Mdogo alichukuliwa karibu na nyumbani, kwa kosa la kuonekana amebeba chakula kingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Walikuwa kambi gani, hakuna aliyejua.

Mvua ilikuwa imekosa. Mtama na mawele yalikauka yakiwa kimo cha goti, na kunde zilikufa kabla ya hapo. Malisho mazuri, ya upande wa pili wa kilima, yalikuwa yamefungwa na serikali, na aliyekutwa huko na mifugo alihesabiwa mmoja wa wapiganaji wa msituni. Basi mbuzi walikonda ndani ya zizi, na Baba akaona ni afadhali tuwale wakiwa bado na nyama kuliko kuwazika. Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye chakula cha mjukuu wangu. Nyama, kisha nyama, na maziwa kidogo sana siku mbuzi mmoja alipojisikia.

Nilikuja nikidhani nyama ni raha. Kwa muda mfupi ilikuwa raha. Halafu choo kikafunga, harufu ya mafuta ikaanza kunikalia kooni, na nikawa naota majani ya viazi, majani tu, yamepikwa bila kitu.

Tata alikuwa akiondoka mapema kwenda mtoni kuchota maji, na mto ulikuwa mbali. Kupika akaniachia mimi. Nikapika kama nilivyofundishwa na mama yangu. Nilichemsha nyama mpaka maji yakatoka povu na rangi ya kijivu, nikaona uchafu ule, nikayabeba yale maji nyuma ya nyumba nikayamwaga yote. Kisha nikatia maji mengine masafi, nikachemsha tena. Nilijiona mwanamke nadhifu kweli kweli. Mbwa wa pale akawa ananipenda kuliko alivyowapenda wenyewe, na sikujiuliza kwa nini.

Ndipo miguu ikaanza. Nikiinuka tu, nyama za nyuma ya miguu zinajikunja zenyewe, zinakuwa ngumu, nashika ukuta nikilia. Vidole vya mikono vikawa vinakakamaa nikishika kisu. Siku nyingine moyo ulikimbia bila sababu, nimekaa tu, kisha unaruka pigo moja, na mimi nangoja nione kama utarudi. Niliogopa sana. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na kila mkazo ulipokuja nilijishika chini kuangalia kama kuna damu.

Tata naye aliona supu ya nyumba yake haina ladha. Aliwasingizia mbuzi, kwamba wamekonda mpaka mifupa imekuwa maji. Hata siku moja akarudi mapema, mtungi ungali kichwani, akanikuta nyuma ya nyumba nimeinamisha chungu, na mbwa amekaa tayari.

Alitua mtungi, akaja akaitazama ile ardhi iliyolowa, akanitazama mimi.

"Umemwaga mbuzi," akasema.

"Nimemwaga maji ya kwanza, Tata. Nyama ipo."

"Hiyo iliyobaki ni kamba za kufungia kuni. Mbuzi mwenyewe ndiye huyu mbwa anamlamba." Akakaa chini pale pale akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka ambacho hakikuwa na furaha nyingi ndani yake. "Wiki zote hizi! Mimi nasema mbuzi, kumbe ni mtoto wa kaka yangu. Na wewe unalia miguu, miguu. Chumvi ya mbuzi unampa mbwa, miguu itakosaje kukukamata?"

Nikamweleza habari ya njahi. Akafuta macho akasema watu wa juu tumeharibiwa na mboga, kwamba sisi tunakula majani kila siku, kwa hiyo tukimwaga maji hatuoni hasara. Huku chini, akasema, nyama ukiila bila maji yake ni kama hujala. Jioni akamsimulia mumewe. Mzee alinitazama kwa muda, akatikisa kichwa, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikaribia kutabasamu.

Kuanzia hapo nilikunywa maji ya nyama, na misuli ikaanza kulegea. Lakini mimi ni mtu wa kupitiliza. Tata alikuwa ameniambia kwamba chumvi imenipungukia. Madukani chumvi haikupatikana wakati ule, ila kulikuwa na munyu, udongo wa chumvi ambao Baba alikuwa akiuleta kutoka bondeni kwa ajili ya mbuzi, vibonge vya kijivu ndani ya kipande cha mti kilichochongwa. Tata alikuwa akiuloweka, anauchuja, anatumia maji yake kidogo kwenye supu. Mimi nikaona kungoja kuchujwa ni kujichelewesha. Nikawa nikipita zizini ninamega kibonge, ninakifunga kwenye pindo la shuka, na mchana kutwa nakinyonya. Mimba nayo ilikuwa ikikitaka. Mbuzi walinitazama vibaya, na walikuwa na haki.

Miguu ikavimba. Nilidhani nimenenepa nikafurahi, mpaka uso nao ukajaa na macho yakawa mistari. Tata akaniketisha mlangoni penye mwanga, akabonyeza kidole gumba kwenye muundi wangu. Akakiondoa. Shimo likabaki pale, halijai. Tulilitazama wote wawili.

"Fungua pindo," akasema.

Nikafungua. Akakitwaa kile kibonge akakirusha kwa mbuzi. Alikuwa na hasira kuliko siku ya mbwa, na safari hii hakucheka hata kidogo.

"Mbuzi mwenyewe ana akili," akasema. "Analamba, akitosheka anaondoka. Wewe umemwona mbuzi gani anatembea na munyu amefunga kwenye ngozi? Unataka kuniulia mtoto?"

Alisema kuniulia, kana kwamba mtoto ni wake. Nililia siku hiyo kwa sababu ya neno hilo zaidi ya hasira zake.

Basi Tata akanichukua mikononi mwake, na alinichunga jinsi alivyochunga mifugo, maana hiyo ndiyo tiba aliyoijua. Asubuhi alinifunua kope ya chini kwa kidole akatazama rangi. Mchana, jua likiwa kali na mimi nimeloa jasho, alinishika mkono akaulamba. Ndiyo, aliulamba, ulimi mkavu, bila kuomba radhi, kisha akasimama akifikiri. Jasho likiwa na chumvi nyingi, supu ya siku hiyo haipati munyu. Likiwa chapwa mdomoni, anatia kidogo. Mifupa aliivunja kwa jiwe akaichemsha kutwa nzima na ukwaju, ule mti wanaouita muthithi, kwa sababu alisema uchachu unautoa mfupa yaliyomo. Supu ile ilikuwa chachu, nzito, ya kunikunjisha uso, na ilifungua choo changu. Akienda mtoni alirudi na kila jani alilolikuta limeota penye unyevu, mchicha wa porini, mlenda, mengine hata yeye alinipa huku akiwa hana hakika. Moja lilinitapisha siku nzima. Akasema basi, hilo tumelijua.

Haikuwa kazi ya kupendeza. Nataka mjukuu wangu alielewe hili kama atakuja kusoma. Hakuna siku tuliyoamka tukasema leo mwili umekaa sawa, tupumzike. Ukizidisha hiki, kile kinalia. Uvimbe ukipungua, misuli inakumbuka kukaza. Kila siku ilianza upya, na kila siku ilitaka mtu wa kuitazama, na mtu huyo alikuwa mwanamke mzee aliyekuwa na wana wawili kizuizini na maji ya kubeba kutoka mtoni. Uvimbe ulishuka, moyo ukatulia. Lakini kope zangu Tata alipozifunua zilikuwa nyeupe, na zilibaki nyeupe.

"Damu huna," akasema. "Hii supu haifiki huko. Hapa ni maini tu."

Na maini yalikuwepo. Yalikuwa juu yangu kila nilipoketi kupika.

Katika boma lile nyama iligawanywa kwa kanuni za tangu zamani. Wanawake tulipata utumbo, shingo, mbavu na miguu. Maini, figo na moyo vilikuwa vya wanaume. Tangu wanawe wachukuliwe, Baba hakugusa maini. Kila mbuzi aliyechinjwa, aliyakata vipande vyembamba, akayagawa mara mbili pamoja na sehemu yake mwenyewe, akayatunga kwenye vijiti viwili na kuvining'iniza juu ya moto, moshini. Kijiti cha mkubwa kulia, kijiti cha mdogo kushoto. Yalikuwa yamekauka, meusi, yamejipanga, na kila mbuzi mpya aliongeza. Hata panya waliviheshimu vijiti vile, au labda waliuogopa moshi.

Tata alimwendea zizini, na mimi nilikuwa ndani nikisikia kila neno.

"Huyu mtoto hana damu. Nipe maini, hata kipande."

"Ya nani?" akauliza mzee.

"Ya yeyote."

"Hapana. Sema ya nani. Ya mkubwa au ya mdogo? Wewe ndiye mama yao, chagua."

Nilisikia mbuzi wakitafuna, kisha nikasikia sauti ya mzee tena, chini sana.

"Mtu akiwa hai, sehemu yake inamngoja. Nikiigawa leo, nitakuwa nimesema nini?"

Tata akarudi ndani, akaketi, akachukua jiwe akaendelea kuvunja mifupa. Hakunitazama. Na mimi, sitaficha, nilimchukia yule mzee. Nilimchukia kwa moyo wote. Nilitazama vile vijiti nikawaza, hawa ni watu wazima, wana miguu yao, wanakula posho ya serikali huko waliko, na huyu wangu hajaona hata jua. Nilifikiria kuiba. Niliinua mkono mara nyingi Tata akiwa mtoni. Kilichonizuia hakikuwa wema. Tata angejua mara moja, na kati ya kunisema na kuninyamazia, sikujua ni kipi kingenishinda zaidi.

Nikawa ninachoka upesi. Nikitoka jikoni kwenda zizini napumzika katikati. Nikiinama, dunia inakuwa nyeusi. Mtoto alikuwa akicheza tumboni, lakini kidogo kidogo, na kuna siku alinyamaza kutwa nzima, na mimi na Tata tulikaa tumeweka mikono juu ya tumbo langu tukingoja mpaka alipogeuka.

Asubuhi moja askari wa chifu alikuja kumwita Baba kwenye kambi ya chifu. Hilo halikuwa jambo geni. Aliitwa mara kwa mara, kuulizwa maswali yale yale au kuchangia mbuzi kwa ajili ya chakula cha askari. Akavaa koti lake akaenda. Alirudi mchana, jua likiwa juu ya vichwa, hakusalimu, hakupokea maji. Alimwita Tata kule zizini. Safari hii hawakuongea kwa sauti ya kusikika. Niliwaona tu kupitia mlangoni, mzee akisema maneno machache, Tata akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayepangiwa kazi za siku.

Kisha mzee akaingia jikoni, akainama chini ya paa, akanyoosha mkono juu ya moto, akakifungua kijiti. Akaniwekea mapajani chote, kizima.

"Kula," akasema.

Nilifurahi. Ndivyo ilivyokuwa na siwezi kuigeuza. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikamshika mkono nikaanza kumshukuru, nikamwita Baba kwa namna ambayo sikuwahi kumwita, na chuki yote ile ikaondoka mara moja. Yeye akauondoa mkono wake taratibu akatoka nje.

Tata akaingia. Akachukua vile vipande, vikavu kama gome, akavitia kwenye supu ya mifupa vilainike, akaongeza ukwaju, akaonja, akaongeza munyu kidogo sana kwa ncha ya kidole. Hakuharakisha hata hatua moja. Akanipakulia bakuli. Nikala. Ladha ilikuwa ya moshi na chuma, na nilisikia mwili wangu ukiipokea jinsi ardhi inavyopokea maji. Mdomo ukiwa umejaa nikacheka, nikamuuliza Tata ni ya yupi hii, ya mkubwa au ya mdogo, ili siku akirudi nimwombe radhi na nimchinjie mbuzi wangu mwenyewe.

"Ya mkubwa," akasema Tata.

Alikuwa ameshika upawa. Akauweka chini.

"Harudi," akasema.

Taya langu likasimama. Nilikuwa na kipande mdomoni, nusu kimetafunwa, na sikuweza kukimeza wala kuendelea. Kupitia mlangoni nilimwona mzee amesimama katikati ya mbuzi wake, koti bado amelivaa kwenye jua lile, hafanyi lolote. Nikainamisha kichwa nitoe kile kipande mkononi. Tata akanishika kidevu. Vidole vyake vilikuwa na nguvu, vilinyanyua uso wangu kama anavyomnyanyua mwanambuzi anayekataa kunyonya.

"Tafuna," akasema. "Ukitema, nimepoteza wawili siku moja."

Nikatafuna. Alinishika kidevu mpaka nikameza, akanipa kipande kingine, akanishika tena. Nilikula bakuli lote hivyo, na la siku iliyofuata, na lililofuata hilo, mpaka kijiti cha mkubwa kikawa mti mtupu. Hakuna kilio kilichopigwa. Kulia mtu aliyefia kizuizini kuliweza kukuletea askari mlangoni, na kaburi hatukuoneshwa wakati ule wala baadaye. Tata aliendelea kuchota maji, kuvunja mifupa na kunifunua kope kila asubuhi. Siku moja akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, kwamba zimeanza kuwa nyekundu.

Mtoto alizaliwa mvua zilipoanza kunyesha, mchana, mimi na Tata tu ndani ya nyumba. Mwanamume. Alilia kabla hajatoka vizuri. Tata akamkata kitovu, akampangusa, akamweka kwenye viganja vyake akampandisha na kumshusha kidogo, akipima.

"Mzito," akasema.

Akanipa. Kisha akaketi chini pale pale kwenye damu, akauegemeza mgongo ukutani, akalia kwa sauti, akimwita mwanawe mkubwa kwa jina, tena na tena, na mvua juu ya paa ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna mtu wa nje ambaye angemsikia. Mimi nilimweka mtoto kwenye titi. Akashika, akaanza kuvuta kwa nguvu.